Neno Lililonishinda Kutafsiri

Kwa muda wa miezi minane sasa nimekuwa nikijaribu kulitia katika Kiswahili shairi moja la Kiurdu, na kila ninapodhani kwamba nimelimaliza, neno lake la kwanza hunirudisha mwanzo. Neno lenyewe si gumu. Kwa Kiurdu husemwa *hum dekhenge*, na hata aliyeanza kujifunza lugha hiyo wiki iliyopita atakwambia kuwa maana yake ni "tutaona". Ugumu umo katika Kiswahili chetu, katika midomo ambayo imelitumia neno hilo na mambo ambayo imeyafanya kwalo. Nitalifikia hilo, lakini kwanza sharti nieleze ni kwa njia gani binti wa Busia amejikuta akikesha na ushairi wa Lahore.

Nilizaliwa Busia, upande wa Uganda, ambako mtoto hukijua Kiswahili sokoni kabla hajakiona darasani. Nyumbani tulisema Kisamia, madrasa tulisoma kwa Kiarabu tusichokielewa, na kwenye meza ya vitenge ya mama tulisema Kiswahili, kwa kuwa mama hakuwa na anasa ya kuchagua wanunuzi kwa makabila yao. Baadaye nilikuja Kampala kusomea ualimu wa Kiswahili, na katika likizo ya kwanza nikapata kazi ya kuandika daftari katika bondi moja ya magari eneo la Nakawa. Kwa msomaji asiyeijua Kampala, bondi ni uwanja ambako magari yaliyotumika, mengi yao kutoka Japani, hukaa yakingoja mnunuzi na kodi. Mabondi mengi hapa yanaendeshwa na Wapakistani, na mwenye bondi letu ni mzee wa Lahore ambaye amekaa Uganda kwa zaidi ya miaka ishirini.

Siku yangu ya kwanza mzee huyo aliniita "beti". Nilisimama nikamtazama, nikidhani ameona daftari la mashairi lililokuwa ndani ya mkoba wangu. Nilipomweleza kuwa kwetu beti ni sehemu za shairi, alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha biashara kwamba kwao neno hilo ni binti. Tangu siku ile nimekuwa binti wa ofisi na ubeti wa ofisi kwa pamoja, naye amekuwa mtu wa kwanza katika maisha yangu, nje ya walimu, kuniuliza kila Ijumaa kama nimeandika chochote.

Muziki ndio uliotangulia. Mwaka 2022, kama vijana wengi wa mji huu, nilikuwa nimeusikia wimbo wa "Pasoori" wa Ali Sethi na Shae Gill mpaka nikaukariri bila kuelewa neno. Mzee aliponisikia nikiuimba kwa sauti ya chini hakucheka. Alisema kwamba kama koo langu linaupenda mwendo ule, basi masikio yangu yanastahili kupelekwa mbali zaidi, akaweka simu yake juu ya meza na kunisikilizisha sauti ya mwanamke mmoja aitwaye Iqbal Bano. Ilikuwa jioni, foleni ya Barabara ya Jinja ilikuwa imesimama, na hakukuwa na haja ya kuharakisha kwenda popote.

Rekodi ile si safi. Inasikika kama ilivyorekodiwa, ukumbini, katikati ya watu. Kuna kinanda cha hewa na tabla, vyombo ambavyo mpenzi yeyote wa taarabu ya Mombasa atavitambua, na juu yake sauti nzito isiyo na haraka hata kidogo. Kwa muda mrefu watu wanasikiliza tu. Kisha, anapofika kwenye mstari mmoja, ukumbi unalipuka kwa makofi na vifijo visivyokatika, naye anaurudia mstari ule, na watu wanalipuka tena. Sikuelewa Kiurdu, lakini kelele zile nilizielewa. Nimezisikia kwenye harusi, nimezisikia kwenye mikutano ya kampeni, na tofauti yake na makofi ya kawaida ni kwamba ndani yake mna watu waliokuwa wamenyamaza kwa muda mrefu.

Nilimwomba mzee anieleze, na maelezo yake yalichukua siku kadhaa. Shairi ni la Faiz Ahmed Faiz, aliyezaliwa mwaka 1911 karibu na Sialkot na kufariki Lahore mwaka 1984. Alilitunga Januari 1979. Mwaka na nusu kabla ya hapo, Julai 1977, Jenerali Zia-ul-Haq alikuwa amempindua Waziri Mkuu Zulfikar Ali Bhutto. Miezi mitatu baada ya shairi kutungwa, tarehe 4 Aprili 1979, Bhutto alinyongwa Rawalpindi. Zia alitawala kwa jina la dini, na mashairi ya Faiz yakawa hayatakiwi katika redio na televisheni ya serikali. Faiz mwenyewe alihamia Beirut, akahariri *Lotus*, jarida la waandishi wa Afrika na Asia. Alirudi nyumbani mwaka 1982 na kufa miaka miwili baadaye. Mwezi Februari 1986, katika maadhimisho ya siku yake ya kuzaliwa kwenye ukumbi wa Alhamra mjini Lahore, Iqbal Bano alisimama akaliimba shairi lile huku Zia angali madarakani. Jamaa wa Faiz wamesimulia kwamba usiku huohuo nyumba za waliohusika zilipekuliwa ili kanda zikusanywe na kuharibiwa, na kwamba kanda moja iliponyoka, ikasafirishwa nje ya nchi, ikanakiliwa na kuenea. Hiyo ndiyo sauti iliyonifikia Nakawa.

Nilipoiandika tarehe ile kwenye daftari langu, niliona kwamba Februari 1986 ilikuwa haijatimiza mwezi mmoja tangu Jeshi la Upinzani la Taifa, la Yoweri Museveni, liingie Kampala tarehe 26 Januari. Mama yangu alikuwa msichana mdogo Busia wakati huo, na kumbukumbu yake ya siku zile ni redio iliyokuwa ikipiga muziki usioisha, kwa sababu muziki wa aina ile redioni, baada ya mapinduzi ya kila mara, ulikuwa na maana yake. Nimelifikiria sana hilo. Katika majuma yaleyale, huku watu walikuwa wakisikiliza muziki ili wajue nani ametwaa mamlaka, na kule watu walikuwa wakisikiliza muziki ili wamwambie mwenye mamlaka kwamba hayatadumu.

Maneno yenyewe yalinivuta ndani kama mtu aliyekuta mlango wa jirani uko wazi. Mstari wa kwanza unaendelea kwa *lazim hai*, yaani ni lazima. Mstari ulioulipua ukumbi ni ule wa *taj*, yaani taji: mataji yote yatarushwa hewani, viti vyote vya enzi vitaangushwa. Diwani ya kwanza ya Faiz, iliyotoka mwaka 1941, ina neno *naqsh* katika jina lake, nalo ni nakshi yetu. Mtunzi kwao ni *shair*. Siasa ni *siyasat*, haki ni *haq*, dhuluma ni *zulm*, dunia ni *duniya*, mgeni wa nchi nyingine ni *ajnabi*, ambaye wazee wa pwani walimwita ajinabi. Utungo wa aina hii, usiofuata masharti ya ghazali, huitwa *nazm*, na mwanafunzi yeyote wa fasihi yetu atakumbuka nudhumu. Waarabu na Waajemi walipita kwetu sote wakatuachia mizigo ileile, nasi kila mmoja akaifungua kwa namna yake.

Nikadhani kazi itakuwa rahisi. Nikachukua umbo la shairi letu la mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita kwa mstari, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho, nikaanza kulimwaga shairi la Faiz humo ndani. Halikukaa. Lilipokaa lilikuwa limekufa, kama kuku aliyefungwa miguu vizuri sana. Mistari ya Faiz hapa ni mifupi, inakuja kama hatua za watu wengi wanaotembea pamoja, na umbo letu la mizani kumi na sita ni umbo la mtu mmoja mwenye hoja, anayeketi, anayefikiri, anayejibizana na malenga mwenzake. Nalipenda sana umbo hilo na sitalisingizia ubaya. Nilijifunza tu kwamba mtu hawezi kuandamana akiwa amekaa.

Jambo jingine lililonishughulisha ni dini. Jina halisi la shairi si "Hum Dekhenge". Faiz alilipa jina la Kiarabu lililotoka katika Surat Ar-Rahman, aya ya 27, ambayo pamoja na aya inayoitangulia watoto wa madrasa huisoma kwa mahadhi kuliko karibu aya zote: kwamba kila kilicho juu ya ardhi kitatoweka, na utabaki uso wa Mola wako. Nilipoliona jina hilo nilisimama, kwa kuwa nilikuwa nimelikariri nikiwa na umri wa miaka saba nikiwa nimekalia mkeka Busia, nikiogopa fimbo. Ndani ya shairi milima ya dhuluma inapeperuka kama pamba, na hapo pia nilimsikia mwalimu wangu akitusomea Al-Qaria, milima inapokuwa kama sufi zilizochambuliwa. Kuna ubao wa milele ambao ahadi imeandikwa, kuna masanamu yanayoondolewa kutoka nyumba ya Mungu. Faiz alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, alipewa Tuzo ya Amani ya Lenin mwaka 1962, na wapo waliomwona kuwa yuko mbali na dini. Lakini mtawala alipoichukua dini akaifanya rungu, mshairi hakuikimbia lugha ya dini kumwachia yeye. Aliingia ndani yake, akaonyesha kwamba kwa mujibu wa maneno hayohayo, mtawala naye ni miongoni mwa vitakavyotoweka. Sijaona jibu la kishairi lililo kamili kuliko hilo.

Ajabu ni kwamba mwishoni mwa mwaka 2019, wanafunzi wa taasisi moja mashuhuri ya teknolojia mjini Kanpur, India, walipolikariri shairi hili katika maandamano ya kupinga sheria ya uraia, mistari hiyohiyo ya masanamu ilisababisha malalamiko kwamba inawatusi Wahindu, na ikaundwa kamati ya kuchunguza. Shairi lililochukiwa na jenerali wa Kiislamu kwa sababu moja lilikuja kushukiwa ng'ambo ya mpaka kwa sababu iliyo kinyume chake. Anayelishuku shairi la kuanguka kwa mataji, nadhani, huwa kwanza amejipapasa kichwani.

Kiurdu nacho kina historia ambayo mpenzi wake hapaswi kuifumbia macho, nami nasema hivi kwa kuwa ni historia inayofanana na yetu. Nchini Pakistan, wanaokisema kama lugha ya mama hawafiki asilimia 10. Faiz alikuwa Mpunjabi, mzee wetu anaongea Kipunjabi na nduguze kwenye simu, na Kiurdu ni lugha waliyokutania. Mwezi Machi 1948 Muhammad Ali Jinnah alitangaza mjini Dhaka kwamba Kiurdu peke yake ndicho kitakuwa lugha ya dola, mbele ya Wabengali ambao walikuwa wengi kuliko wananchi wengine wote. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi walipigwa risasi Dhaka wakiitetea lugha yao, na siku hiyo ndiyo dunia nzima inayoiadhimisha kama Siku ya Lugha ya Mama. Mwaka 1971 Bangladesh ilijitenga kwa damu nyingi. Faiz alipozuru Dhaka mwaka 1974 alirudi na shairi la huzuni juu ya watu waliokuwa ndugu wakawa *ajnabi*, na hilo nalo limeimbwa, na Nayyara Noor, kwa sauti ambayo siwezi kuisikiliza nikiwa kazini.

Sasa niangalie kwetu. Uganda pia Kiswahili si cha mtu na ni cha wote. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini watu wa Kampala waliokuwa hai wakati huo walikijua zaidi kama lugha ya kizuizi barabarani, lugha ya buti na mlango unaogongwa usiku. Bibi wa rafiki yangu wa Masaka bado hunyamaza mimi nikiongea Kiswahili jikoni kwake. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima mashuleni, na ndiyo maana mimi nina matumaini ya ajira. Hata hivyo sera haiwezi kumfanya yule bibi azungumze. Nikienda kufundisha, nataka niende na mashairi, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kuitoa lugha kambini na kuirudisha sebuleni.

Sisi nasi tuna mashahidi wetu wa jambo hili la wimbo na mamlaka. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza Kampala, alipeleka mchezo wake wa nyimbo, *Oluyimba lwa Wankoko*, kwenye tamasha la sanaa la Lagos mwaka 1977, na mwaka huohuo aliuawa na watu wa Amin. Mshairi wetu Okot p'Bitek aliishi miaka mingi ya uhamishoni Kenya. Na jirani zetu wa Kenya walimfunga mshairi wao Abdilatif Abdalla kuanzia 1969 hadi 1972, naye akatoka na *Sauti ya Dhiki*, kama Faiz alivyotoka na *Zindan-Nama*, yaani waraka wa gerezani, baada ya kufungwa kuanzia 1951 hadi 1955. Natamani pangekuwa na mwalimu wa kuvifundisha vitabu hivi viwili katika muhula mmoja. Gerezani Montgomery, mji ambao leo unaitwa Sahiwal, mwaka 1955, Faiz alitunga pia shairi linaloiita Afrika ije, akisema amesikia mdundo wa ngoma yake. Mzee alinisomea kwa fahari, akitarajia nifurahi. Nilifurahi, kisha nikahuzunika kidogo, kwa sababu Afrika ya shairi lile ni ngoma na mwendo wa simba, na hakuna mtu ndani yake ambaye ningeweza kumwita kwa jina. Lakini mtu aliyefungwa pingu Punjab, mwaka ambao sisi tulikuwa bado chini ya Mwingereza, alifikia hatua ya kusema "mimi ni Afrika". Sitaki kumdai zaidi ya hapo.

Siasa za sasa za Pakistan mimi nimezijua kupitia uso wa mzee. Aprili 2022 Imran Khan aling'olewa kwa kura ya kutokuwa na imani, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo kuondolewa kwa njia hiyo, katika nchi ambayo hakuna waziri mkuu hata mmoja aliyewahi kumaliza muhula wa miaka mitano. Agosti 2023 alifungwa. Tarehe 8 Februari 2024, siku ya uchaguzi, mawasiliano ya simu za mkononi yalikatwa nchini kote, na mzee alishinda akizungukazunguka kati ya magari kwa kuwa hakumpata dada yake. Nilimwambia kwamba naijua hali hiyo, kwa sababu Januari 2021, nchi yetu ilipopiga kura, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa nami nilikuwa Busia nikiwa na kaka Kampala. Tulikaa tukinywa chai. Matokeo yalipotoka, wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na chama cha Khan, ambao hata alama yao ya gongo la kriketi walikuwa wamenyang'anywa, walikuwa na viti vingi kuliko kundi jingine lolote, na bado hawakuunda serikali.

Mzee ni mpenzi wa Khan, nami si mpenzi wa mtu. Nakumbuka kwamba Khan naye, alipopanda, walikuwapo waliosema kwamba alibebwa na jeshi, na waandishi wa habari hawakupumua vizuri katika miaka yake. Hata hivyo nina jambo linaloniuma kuliko yote hayo. Kuna mshairi mwingine, Habib Jalib, mtu wa umma hasa, aliyefungwa mara nyingi na tawala mbalimbali. Jenerali Ayub Khan alipoipa nchi katiba yake mwaka 1962, Jalib alitunga shairi la kuikataa, na akawa akilisoma kwa mahadhi mbele ya maelfu. Katika Kiurdu katiba ni *dastur*. Sikio la Kiswahili husikia "desturi", nami niliposikia mara ya kwanza nilielewa kwamba mshairi anasema: desturi hii siikubali. Nimekosea tafsiri, na bado nadhani nilisikia kitu cha kweli, kwa kuwa katiba mbaya ikikaa muda mrefu huwa desturi, na desturi ndiyo ngumu kuipindua. Sasa basi, Shehbaz Sharif, ambaye leo ni waziri mkuu, amejulikana kwa miaka mingi kwa kulikariri shairi hilohilo la Jalib majukwaani kwa hisia kali. Maneno yaliyomfikisha mtunzi wake gerezani yamekuwa mapambo ya mkutano wa mwenye nchi.

Hilo ndilo lililonifanya niogope neno "tutaona".

Mwaka wa pili wa masomo nilifuatilia ombi la ufadhili katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilikwenda mara tisa. Karani hakuwahi kunitukana, hakuwahi kuniomba kitu, hakuwahi hata kuniambia hapana. Kila mara aliinua macho, akageuza karatasi zangu, akasema: "Tutaona." Neno lile lina wingi ndani yake, lina "tu", kana kwamba mimi na yeye na mkuu wake tutakaa pamoja siku moja kuona. Lakini mimi simo katika "tu" hiyo. Ni wingi wa watu walio upande mwingine wa meza, na wakati ujao ambao umekusudiwa usifike. Mama ananiambia kwamba ofisini mpakani wameambiwa hivyo tangu ujana wake. Basi nitaanzaje shairi la Faiz kwa neno hilo? Msomaji wangu wa Uganda akiliona atamwona karani.

Nikajaribu "tutashuhudia". Ni neno zuri, lina shahidi ndani yake, na kwa maana liko karibu zaidi. Nikajaribu "tutajionea", ambalo lina macho ya mtu mwenyewe, asiyehitaji kuhadithiwa. Nikaandika matoleo mawili kamili. Kisha Ijumaa moja mzee akaniuliza tena, nami badala ya kumsomea nikaamua kumwimbia, kwa kufuata mwendo wa Iqbal Bano, kwa kuwa maneno hatayaelewa yote lakini mwendo anaujua. "Tutashuhudia" likagoma. Ni silabi sita, na pale alipotulia Iqbal Bano pana silabi nne tu: *hum*, *de*, *khen*, *ge*. "Tutajionea" likagoma vilevile. Nikapiga kidole mezani mara nne, na neno lililojaa sawasawa katika nafasi ile, bila kubaki wala kuzidi, lilikuwa tu-ta-o-na.

Nikaliimba. Mzee akaitikia kwa Kiurdu, na kijana anayeosha magari, Mganda asiyejua Kiswahili kingi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na ndoo akingoja ufunguo, akaitikia kwa Kiswahili, mara ya kwanza kwa kubahatisha na mara ya pili kwa sauti kamili. Watatu tuliliimba neno lilelile nililoambiwa mara tisa dirishani, na "tu" yake ilikuwa na watu ndani, mimi nikiwa mmoja wao. Karani hulisema neno hilo akiwa peke yake, na daima analisema mara moja. Iqbal Bano alilirudia, na kila aliporudia sauti ya ukumbi ilikuwa imeongezeka. Sikuwa nimeliona hilo kwenye karatasi kwa miezi minane, kwa sababu nilikuwa nikilisoma kwa macho, kimya, chumbani.

Kwa hiyo mstari wa kwanza sasa umekaa: *Tutaona, ni lazima, nasi pia tutaona.* Ukiuhesabu utakuta mizani kumi na sita, nane na nane, ingawa sikuutafuta. Mstari wa pili, wenye siku iliyoahidiwa, bado una silabi mbili zilizozidi, na sijaamua kama ule ubao wa milele niuite Lauhi Mahfudhi, kama tulivyofundishwa madrasani, au niseme tu "palipoandikwa", ili yule kijana wa ndoo, ambaye ni Mkristo, asibaki nje. Nitamwuliza Jumatatu.